Kioo cha Kipakatalishi kwa Macho Yasiyostahimili Mwanga: Kutoka Arua hadi Koboko

Neno kipakatalishi limeundwa kutokana na kupakata na tarakilishi. Kitu cha kupakatwa hukaa karibu na uso. Ndiyo maana mtu ambaye macho yake hayastahimili mwanga mkali hukagua kioo kwanza, mashine baadaye. Makala haya yanaangalia jinsi kioo hicho kilivyobadilika, tukiwafikiria wasomaji wetu wa Nile Magharibi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji wa Arua ulitegemea umeme wa jenereta. Kampuni ya WENRECo ilikabidhiwa usambazaji mwaka 2003, lakini bwawa la Nyagak, lenye megawati 3.5, lilizinduliwa mwaka 2012, na gridi ya taifa ilifika mwaka 2024. Koboko, iliyomegwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005, nayo iliyajua vizuri makelele ya jenereta za madukani. Aliyeandika usiku kwa betri, basi, mara nyingi alikaa gizani, kioo kikiwa ndicho taa pekee chumbani. Gizani mboni hupanuka, na mwanga mdogo huumiza. Wauzaji husifu mwangaza wa juu kabisa. Mnunuzi huyu anapaswa kuuliza ule wa chini kabisa.

Zamani vipakatalishi vilimulikwa kwa mirija myembamba ya fluoresenti nyuma ya kioo. Kuanzia mwaka 2007 hivi, vijitaa vya LED vikachukua nafasi yake. LED hula umeme kidogo wala hazina zebaki, jambo jema. Hata hivyo, katika mashine nyingi taa haikufifishwa kwa kweli ulipoipunguza: ilizimwa na kuwashwa mamia ya mara kwa sekunde. Baadhi ya mirija ilifanyiwa vivyo hivyo, ila unga wake uliendelea kung'aa kidogo. LED huzimika papo hapo. Mtu akapunguza mwanga ili apumzike, akapata maumivu ya kichwa! Vioo vingi vya OLED vya leo vina tabia hiyohiyo.

Jaribio lake halihitaji fundi. Ukiwa dukani, teremsha mwangaza, fungua ukurasa mweupe, kisha pitisha kalamu harakaharaka mbele yake. Ukiona ukungu mmoja laini, vema. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana, kiache.

Mchana kuna adha nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 vioo vya kung'aa vilikuwa fasheni, na kusema kweli rangi zake zilivutia. Lakini barazani Arua, nyuzi 3 tu kaskazini mwa Ikweta, kioo hicho huakisi anga na shati la msomaji, naye hulazimika kuongeza mwangaza anaoukimbia. Heri kioo kisichoakisi, hata kama rangi zake zimepooza.

Waliolitatua suala hili vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni waliobuni XO, mashine ndogo ya watoto ya mradi wa One Laptop per Child, mwaka 2007. Taa yake ya nyuma iliweza kuzimwa kabisa, na maandishi yakasomeka juani kwa nyeusi na nyeupe. Jirani zetu wa Rwanda waliinunua kwa wingi kwa ajili ya shule za msingi. Madukani, kioo cha namna hiyo ni nadra mno.