Picha ya Willie Cornish

Katika nyumba nyingi za wazee wetu limo sanduku, na chini kabisa ya sanduku hilo, pamoja na cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa, zimo picha chache zilizofungwa katika kitambaa. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za picha moja ya namna hiyo. Haikuwa picha ya mfalme, wala ya vita. Ilikuwa picha ya watu weusi sita wenye vyombo vya muziki, nayo ilitunzwa na mmoja wao katika mji wa New Orleans, nchi ya Marekani. Lakini kama mwenye picha hiyo angalikataa kuitoa sandukuni, uso wa mtu mmoja mashuhuri ungalipotea duniani, wala hapana fedha ambayo ingaliweza kuurudisha.

Mji wa New Orleans umo katika jimbo la Louisiana, kando ya mto mkubwa wa Mississippi, si mbali na bahari. Zamani za utumwa, watumwa wa mji ule walikuwa wakikusanyika siku za Jumapili katika uwanja uitwao Congo Square, wakipiga ngoma na kucheza kwa desturi walizotoka nazo wazee wao katika Afrika. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka wa 1865. Watoto na wajukuu wa watu hao wakajifunza kupiga tarumbeta na vyombo vingine vya Kizungu. Walivipiga katika maandamano, na katika dansi, na hata katika maziko. Maana desturi ya mji ule ni kwamba bendi huwasindikiza wafiwa mpaka makaburini ikipiga nyimbo za kanisa polepole kwa huzuni, na wakati wa kurudi hupiga kwa furaha. Basi katika kuchanganyika kwa mambo hayo, yaani ngoma za kale, na nyimbo za dini, na nyimbo za majonzi, na muziki wa bendi, ulizaliwa muziki uitwao jazi.

Yamkini msomaji mmoja atauliza, “Mkristo ana shughuli gani na muziki wa dansi?” Swali hilo si baya. Nasi twajibu kwamba hatuandiki ili kumfundisha mtu kucheza. Twaandika juu ya watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa, watu ambao majina yao hayakutiwa katika vitabu vya wakubwa. Na jambo la kuwakumbuka watu wa namna hiyo latuhusu sote.

Miongoni mwa hao waanzilishi wa jazi, aliyesifiwa kuliko wote ni Charles Bolden, ambaye watu walimwita Buddy. Alizaliwa New Orleans tarehe 6 Septemba 1877. Chombo chake kilikuwa korneti, ambayo ni kama tarumbeta iliyo fupi. Wazee waliomsikia walisema kwamba katika usiku mtulivu sauti ya korneti yake ilifika mbali sana, na watu wakaacha dansi nyingine wakaifuata. Karibu na mwaka wa 1905 hapakuwa na bendi iliyopendwa na watu weusi wa mji ule kuliko yake. Lakini katika mwaka wa 1906 akili zake zilianza kuvurugika, na mwaka wa 1907, akiwa na umri wa miaka 29, alipelekwa katika hospitali ya wenye wazimu mjini Jackson, Louisiana. Huko alikaa miaka 24, hata akafa tarehe 4 Novemba 1931. Akazikwa New Orleans katika makaburi ya Holt, ambayo ni makaburi ya maskini, pasipo jiwe la kuonyesha mahali alipolala.

Sasa tuulize, ni kitu gani kilichobaki cha mtu huyu? Sauti yake haikubaki. Santuri ya kwanza ya muziki wa jazi ilipigwa tarehe 26 Februari 1917 katika mji wa New York, nao walioipiga walikuwa vijana Wazungu waliotoka New Orleans. Wakati huo Bolden amekwisha kukaa hospitalini karibu miaka 10. Husemwa kwamba bendi yake iliwahi kupiga muziki katika chombo cha zamani cha nta, lakini chombo hicho hakijaonekana mpaka leo. Basi wale waliotangulia katika kazi hawakusikiwa na ulimwengu, na waliokuja nyuma yao ndio waliosikiwa.

Lakini mtu mmoja aliyekuwa katika bendi ya Bolden alikuwa na picha. Jina lake ni Willie Cornish, naye alikuwa akipiga tromboni. Katika miaka iliyofuata 1930 walitokea Wazungu wachache, vijana, waliopenda kujua asili ya muziki huu. Hawakuridhika na maneno ya magazeti, bali waliandika barua, wakasafiri, wakawauliza wazee waliokuwa wakiishi bado. Ndipo Cornish alipowaazima picha yake. Mwaka wa 1939 kilipigwa chapa New York kitabu kiitwacho Jazzmen, kilichotengenezwa na Frederic Ramsey na Charles Edward Smith, na picha ile ikawamo. Watu wakamwona Bolden, amesimama kati ya wenziwe, ameshika korneti mkononi. Majina ya wenzake yajulikana pia: Cornish mwenyewe, Jimmy Johnson mwenye fidla kubwa ya sauti nene, Brock Mumford mwenye gitaa, na Frank Lewis na Willie Warner wenye klarineti. Wamevaa vizuri, kama watu wanaojiheshimu.

Tazameni miaka ilivyokuwa michache. Picha ilitolewa kabla ya kitabu cha 1939, na Cornish alikufa mwaka wa 1942. Na baadaye picha ile ya asili ikapotea, wala haijulikani iliko. Picha zote za Bolden zionekanazo leo vitabuni zimetokana na picha ile iliyoazimwa, na nyingine ya Bolden isiyo na shaka haijapatikana. Kama Cornish angalisema, “Ngojeni kidogo, nitatafuta siku nyingine,” leo tungalikuwa na jina pasipo uso.

Walakini habari hii ina upande wa pili, nao ni wa kutuonya. Vitabu vingine vimeichapa picha hiyo kwa upande mmoja, na vingine vimeigeuza, mkono wa kuume ukawa wa kushoto. Ikitazamwa kwa upande mmoja, wenye gitaa na fidla waonekana kuwa watu wa mkono wa kushoto. Ikigeuzwa, mikono ya wenye klarineti haikai inavyopasa. Wenye elimu wameshindana sana juu ya jambo hili. Kama picha ya asili ingalikuwapo, mtu angaliishika, akaitazama, na maneno yangalikwisha. Basi kuazima kuliuokoa uso wa Bolden, lakini kupotea kwa picha ya asili kuliondoa jibu. Atoaye picha afanya vema. Na aipokeaye ana deni la kuirudisha salama, na kuangalia isiachwe ovyo baada ya mwenyewe kufa.

Tena, kumbukumbu za watu peke yake hazitoshi. Kitabu kile kile cha 1939 kilisema kwamba Bolden alikuwa kinyozi na mwenye gazeti dogo. Maneno hayo yakarudiwa na watu wengi kwa miaka mingi. Lakini Donald Marquis alipekua vitabu vya serikali na vya mji, na mwaka wa 1978 akatoa kitabu chake akionyesha kwamba Bolden hakuwa kinyozi wala hakuwa na gazeti. Wazee hawakukusudia kudanganya. Walichanganya mambo, kama sisi sote tuchanganyavyo. Ndiyo sababu picha na karatasi zatakiwa zikae pamoja na masimulizi, ili kimoja kimsahihishe mwenziwe.

Baada ya hayo watu wa New Orleans waliamka. Chama cha wapenzi wa jazi kilianzishwa mwaka wa 1948, na wanachama wakaanza kutoa vitu walivyokuwa navyo nyumbani, hata nyumba ya makumbusho ya jazi ikafunguliwa mwaka wa 1961. Chuo Kikuu cha Tulane nacho kikaanza mwaka wa 1958 kukusanya masimulizi ya wazee, na picha, na karatasi. Hata hivyo mengi yalibaki majumbani. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina iliupiga mji, kuta za mifereji zikabomoka, na maji yakaingia katika nyumba za watu. Dakta Michael White, mpiga klarineti na mwalimu, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi vitabu, santuri, picha, na klarineti za zamani, maelfu ya vitu. Maji yaliharibu karibu vyote. Huyu hakuwa mzembe, tena alikuwa akiwafundisha wengine kwa mali yake. Lakini kitu kilichoko mahali pamoja tu, maji ya siku moja yaweza kukimaliza.

Ndugu wasomaji, Bolden aliwekewa jiwe la ukumbusho katika makaburi ya Holt mwaka wa 1998, miaka 67 baada ya kufa, nalo limewekwa kwa kukisia, maana kaburi lenyewe halijulikani. Uso wake wajulikana, kwa kuwa rafiki yake hakuwa kama yule mtumwa aliyeifukia talanta ardhini. Nasi tunazo picha za waalimu wa kwanza, za waimbaji wa kwanza, za bibi zetu siku ya kubatizwa. Basi jioni hii mtu na afungue sanduku lake, amwite mzee aliye hai bado, amwulize kila mmoja katika picha ni nani, na ilikuwa wapi, na mwaka gani. Kisha ayaandike majina nyuma yake polepole kwa penseli. Na jirani akiomba kuifanyia nakala, asimnyime. Mzee yule akiisha kufa, hatakuwapo wa kuulizwa tena.