Sheria za Mchezo Zinapobadilika

Mjukuu wangu hucheza kwenye kompyuta mchezo uitwao Civilization. Mchezaji huanza na mji mmoja, akajenga taifa mpaka lishindane na mataifa yote ya dunia. Sid Meier na wenzake waliutoa huko Marekani mwaka 1991, na tangu hapo umetolewa upya mara kadha, kila toleo na sheria zake.

Toleo la saba lilipotoka Februari 2025, alinijia amenuna. "Babu, wametuharibia!" Toleo hilo liliwataka wachezaji wabadili taifa kila enzi mpya ilipoanza. Nilimwuliza kama ndiyo mara ya kwanza watu kulalamika. Akacheka, akanisimulia habari za 2010.

Katika toleo la nne, la 2005, ramani ilikuwa ya miraba, na mtu aliweza kurundika vikosi vingi katika mraba mmoja. Toleo la tano, la 2010, likaleta pembesita, na kila pembesita kikosi kimoja tu cha vita. Tena, dini na ujasusi viliachwa nje. Wazoefu walifoka, na wengine wakarudia toleo la nne. Dini na ujasusi vilirudishwa katika nyongeza ya 2012. Pembesita hazikuondolewa, zimo katika toleo la sita la 2016, na la saba pia.

Basi, msomaji, kelele zile zilikuwa na mambo mawili ndani yake: pengo la kweli, ambalo lilizibwa, na uchungu wa mazoea, ambao ulipoa kwa wengi. Asiyesikiliza hawezi kupambanua hili na lile.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikusikiliza. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza hapa Kenya na mtihani wa KCPE ukachukua nafasi ya CPE, nilikuwa mwalimu mkuu ambaye bado kijana, nikiamini bado yale niliyoyabeba kutoka chuo cha ualimu, kwamba kila jipya ni hatua mbele. Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa ametayarisha watoto kwa CPE miaka mingi, alinililia kwamba masomo yamezidi na vitabu havijafika. Nilimjibu mbele ya wenzake kwamba anaogopa kazi. Alinyamaza. Baadaye alistaafu mapema, na alifariki kabla sijamwomba radhi.

Sikumwuliza ni lipi katika malalamiko yake lilikuwa pengo, na lipi lilikuwa mazoea. Vitabu, kwa hakika, vilikuwa havijafika. Na hata hayo mazoea yalistahili heshima, maana yalikuwa ujuzi wa maisha yake, uliopoteza thamani siku moja bila yeye kuulizwa neno.

KCPE niliyoitetea kwa ukali ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala mpya ukiingia. Nilinung'unika mezani jioni nzima. Mjukuu wangu aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Babu, kinachokuuma hasa ni nini?"

Hilo ndilo swali nililopaswa kuuliza mwaka 1985.