Kafara ya Kristo na Utatu katika Buha

Katika Buha, nyanda za juu za Kigoma zenye miji ya Kasulu na Kibondo, Wakristo hubishana juu ya mambo mawili: msalaba ulifanya nini, na aliyesulubiwa ni nani. Wahubiri wengi huanza na hesabu ya tatu na moja, wakakwama hapohapo. Afadhali kuanza na kafara, kwa kuwa uzito wa sadaka hutokana na aliyejitoa.

Wakatoliki, waliofundishwa na Mapadre Weupe, huamini kwamba katika Misa sadaka ileile ya Kalvari huwapo altareni. Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Western Tanganyika ilianzishwa mwaka 1966 na makao yake yako Kasulu, walilelewa na wamisionari wa CMS kutoka Australia, na Kanuni ya 31 ya kanisa lao inazikana sadaka za Misa. Kuhusu Utatu hawagombani.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, uliitoa hoja altareni ukaileta nyumbani. Mlokole, yaani mfuasi wa uamsho huo, husimama mbele ya wenzake, hutaja dhambi waziwazi, pengine jembe aliloiba, hulirudisha kwa mwenyewe, kisha hushuhudia kwamba damu ya Yesu imemtakasa. Kwa ushuhuda huo fundisho la upatanisho liliwafikia hata wasiojua kusoma.

Wasabato, wenye hospitali ya Heri, hufundisha kwamba tangu 1844 Kristo anahudumu katika sehemu ya ndani kabisa ya patakatifu pa mbinguni. James White, mmoja wa waasisi wao, aliukataa Utatu. Tamko lao la imani la 1980 linaukiri. Kwa Mashahidi wa Yehova, kifo cha Yesu ni fidia, lakini yeye mwenyewe aliumbwa. Jioni ya Ukumbusho wa kifo hicho mkate na divai hupita mkononi mwa kila mmoja, na karibu wote huvipitisha bila kuonja.

Kongo mashariki, walikotoka wakimbizi wengi wa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, wapo wafuasi wa William Branham (1909–1965). Hao hubatiza kwa jina la Yesu Kristo pekee, kwa kufuata Matendo 2:38, na aliyebatizwa kwa maneno ya Mathayo 28:19 humrudisha majini. Padre naye, akimpokea mtu kutoka kwao, huuliza kwanza ni maneno gani yaliyotamkwa. Kama hayakutaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, humbatiza.