Nani Atusomee? Historia ya Uteuzi wa Sauti katika Kiswahili

Mwaka 1928 Kiswahili kilifanyiwa uteuzi mara mbili, na kila uteuzi ulipita bila kuujua mwenzake. Mjini Mombasa, wajumbe kutoka makoloni ya Afrika Mashariki walikutana wakaamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu cha vitabuni na shuleni. Uamuzi huo ndio ulioizaa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na manung'uniko ya wapenzi wa Kimvita hayajanyamaza mpaka leo. Mwaka huohuo Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Uteuzi wa Mombasa ulikuwa wa lugha iandikwayo. Uteuzi wa Bombay ulikuwa wa sauti.

Huu wa kwanza umeandikiwa vitabu. Huu wa pili hutajwa pembeni tu, katika habari za muziki, kana kwamba haukuhusu lugha. Nami naona ni kinyume chake. Siku hizi hapiti mwezi bila mtu kuniuliza nani amfaa kumsomea tangazo, filamu ya mafunzo ya kilimo, au kitabu cha kusikilizwa, na kila anayeuliza huanza na neno lilelile: "Namtaka mwenye sauti nzuri." Nikiitazama historia yetu tangu santuri hadi redio, naona wasikilizaji wa Kiswahili hawakuwa na haja kubwa na uzuri huo. Walimtafuta mtu wa kumwamini.

Tumtazame Siti kwanza. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, katika ukoo wa watumwa. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuimba. Kwa vipimo vya mabwana wa mjini, hakuwa na nasaba wala sura ya kusimamishwa mbele ya watu. Taarabu ya kasri ya Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na waliotaka kuonekana waungwana waliona Kiarabu ndiyo lugha ya heshima. Siti akaimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya walioachwa huru na wachumia juani. Santuri zake zilipofika madukani, watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wakasikia lugha yao ikitoka katika tarumbeta ya gramafoni kwa mara ya kwanza, nayo ikitoka kinywani mwa mtu aliyeonja waliyoyaonja. Nadhani santuri hizo ziliwazoesha watu wa pwani Kiunguja mapema kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo yafaa tulitazame kwa utulivu, maana ndilo linaloifanya kazi ya msomaji kuwa nzito. Kamati ya Lugha ilisawazisha tahajia, haikusawazisha ulimi, wala haikuweza. Tahajia yetu imeacha mambo mengi nje ya karatasi. Katika Kimvita, paa la nyumba halina mpumuo, ilhali paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo. Tembo la kunywa na tembo mwenye mkonga hutofautiana vivyo hivyo, na chungu cha kupikia si sawa na chungu watambaao chini ya sukari. Maandishi sanifu yanayaandika maneno haya kwa sura moja. Kuna pia mkazo: "barabara" ya magari huelemea silabi ya pili kutoka mwisho, na "barabara" ya kusema jambo limekaa sawasawa hupanda mapema zaidi. Anayesoma kimya hahitaji kuamua. Anayesoma kwa sauti lazima aamue, papo hapo, kwa niaba ya wote wanaomsikiliza. Kwa hiyo msomaji si bomba la kupitishia maji. Ni mhariri wa mwisho wa maandishi.

Watu wa kwanza kukutana na tatizo hili kwa upande wa filamu walikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko ndiko lilikokuwa makao ya jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lililoendeshwa kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 chini ya Meja L. A. Notcutt, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilikuwa za mambo ya afya, kilimo, kodi na akiba ya posta. Picha zenyewe hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa katika santuri na kupigwa sambamba na picha, kusudi filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali kila ilipopelekwa. Kwa lugha ya leo, hao walikuwa waingiza sauti wetu wa mwanzo. Lakini santuri haijui kwamba watu wanacheka, wala haingoji wamalize. Picha na sauti zikipishana kidogo tu, mkulima anapalilia huku maelezo yamekwisha kufika sokoni.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, idara ya filamu ya serikali ya Uingereza kwa makoloni ilichukua njia nyingine. Gari la sinema lilifika kijijini na filamu bubu, na pembeni akasimama mtu wa nchi hiyo na kipaza sauti, akaeleza kwa lugha ya wenyeji. Maelezo yalikuwa yameandikwa tayari na watu wa mbali, lakini usiku, mbele ya umati, aliyekuwa na kipaza sauti ni yeye. Aliweza kurefusha, kufupisha, kutia methali, kumtaja mzee wa kijiji kwa jina. Watawala walimhitaji mtu ambaye watu wangemwamini, kisha wakaingiwa na wasiwasi kwa sababu watu walimwamini yeye kuliko filamu. Wasiwasi huo ungali hai: kila anayemwajiri msomaji hutaka sauti ya mtu, ila hapendi iwe na mtu ndani yake.

Redio ilipokuja, mashindano ya sauti yakawa mashindano ya dola. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1954 Cairo ikaanza matangazo ya Kiswahili, na miongoni mwa waliosikika huko alikuwa Ahmed Rashad Ali, mtu wa Unguja. Fikiria athari yake: maneno makali dhidi ya ukoloni, yanatoka Misri, lakini kwa lafudhi ya nyumbani. Angeyasoma Mmisri aliyejifunza Kiswahili chuoni, watu wangesikiliza kwa udadisi tu. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanzisha idhaa yake ya Kiswahili, na mwaka 1963 Ujerumani ikafuata. Wote hao, ingawa walikuwa na fedha na mitambo, ilibidi waje huku kwetu kutafuta watu wa kusoma.

Mfano ninaoukumbuka kwa masikio yangu mwenyewe ni wa mwaka 1973. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchini Tanzania. Kikundi cha mtaani kwetu kilikaa chini ya mwembe, redio moja juu ya kiti, na kiongozi wa kikundi akiwa na kitabu mkononi. Jambo lililonivutia utotoni ni kwamba wazee walikuwa wakiijibu redio. Msomaji alisema juu ya choo na maji ya kuchemsha, mzee mmoja akamjibu, "Kweli, bwana, lakini kuni je?" kisha akanyamaza kidogo, kana kwamba anampa nafasi. Msomaji yule hakuwa na sauti ya kutetemesha ukuta. Alisoma taratibu, akituachia pumzi baina ya sentensi, na pumzi hizo ndizo zilizokuwa nafasi ya mzee wetu kuuliza habari za kuni.

Lakini hakuna siku iliyodhihirisha thamani ya sauti inayoaminiwa, na hatari yake, kama Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 mjini Nairobi. Askari wa jeshi la anga walioasi walikuwa na silaha, na walikwisha kuiteka redio ya taifa. Walichokosa ni sauti. Wakamfuata Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake alfajiri, wakampeleka studio, wakamtaka atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Kwa nini hawakusoma wenyewe? Karatasi walikuwa nayo na mtambo walikuwa nao. Walijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba Mkenya akisikia habari hiyo kwa sauti asiyoijua angedhani ni mzaha, akiisikia kwa sauti iliyomtangazia mpira, iliyomuuliza tangu mwaka 1966 katika "Je, Huu ni Ungwana?" kama tabia fulani ni ya kiungwana, angeamini. Siku hiyohiyo, majeshi ya serikali yalipoirudisha redio mikononi mwao, sauti ileile ilitumika kuwatangazia wananchi kwamba serikali ingalipo. Pande mbili zilizokuwa zikiuana zilikubaliana juu ya jambo moja tu, nalo ni nani asome.

Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa mtoto wa Freretown, Mombasa, kijiji cha watumwa waliookolewa. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika "Uhuru wa Watumwa" kilichotoka mwaka 1934. Sitaki kulazimisha maana, lakini ninapomweka pamoja na Siti naona jambo ambalo wajumbe wa mwaka 1928 wasingelitabiri. Walibishana ni Kiswahili cha mji gani kilicho safi. Masikio ya watu, yalipopewa nafasi ya kuchagua, yaliwachagua wajukuu wa watumwa.

Habari za video nazipitia kwa haraka, maana wengi wenu mnazijua kuliko mimi. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam alivuma Lufufu, na Kenya ina DJ Afro; wote wawili walichukua filamu za ng'ambo wakazisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani. Baadhi ya walimu wenzangu waliwachukia kwa "kuharibu lugha". Mimi nasema walikuwa wana wa yule mtu wa gari la sinema, ila safari hii hakuna aliyewaandikia la kusema.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifanya niandike haya. Baada ya kustaafu niliombwa na chuo kimoja cha ualimu kusaidia kurekodi mashairi na tenzi za mtaala kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Tulikuwa wateuzi watatu, na wasomaji watatu waliojitokeza. Wa kwanza alikuwa kijana wa matangazo ya biashara, sauti nzito kama pipa, mwenye studio yake. Wenzangu walimpenda kabla hajamaliza ubeti. Nikawaomba wahesabu mizani wakiwa wamefumba macho. "Nchi" ina silabi mbili, n-chi. Yeye aliimeza ikawa moja. "Mtu" vilevile. Katika mishororo minne alipoteza mizani tano. Mwenye macho angeiona karatasi na kusahihisha kimoyomoyo. Mwanafunzi asiyeona hana karatasi nyingine. Sikio ndilo ukurasa wake, na akifundishwa na sikio kwamba shairi lina mizani kumi na tano, ndivyo atakavyojibu katika mtihani, naye atakoseshwa.

Mtu mwingine akapendekeza tuiachie mashine kazi hiyo, maana siku hizi kompyuta husoma. Ile niliyoletewa niisikilize haikumeza silabi hata moja, nakiri, lakini ilizisoma "barabara" zote mbili kwa mkazo mmoja, na ilipofika kwenye kituo haikujua kwamba kibwagizo kimerudi.

Wa pili alisoma vizuri sana, kwa madaha ya mwanathiatra. Tatizo lake ni kwamba alilia kabla ya shairi kulia. Tulipowataka wanafunzi wawili wasioona watueleze shairi lilihusu nini, walitueleza hali ya msomaji.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, sauti nyembamba, tena yenye mkwaruzo kidogo. Kabla ya kusoma aliuliza mtunzi alikuwa mtu wa wapi. Nilipomwambia ni wa Mombasa, aliomba siku mbili akamtafute mzee wa huko amsikilizishe matamshi. Tulimpa siku hizo. Aliporudi, wale wanafunzi wawili walimsikiliza mara moja, kisha mmoja akaurudia ubeti wa kwanza wote, na mizani yake ikiwa kamili. Wenzangu bado walisitasita juu ya ule mkwaruzo. Tulipiga kura, akapita kwa kura mbili dhidi ya moja, akarekodi mashairi arobaini na mbili kwa majuma matatu.

Baada ya muhula mmoja tulipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Aliuliza kama mama yule bado anatunga, na kama anaweza kumwandikia. Ikatubidi tumwite tena msomaji wetu studio, atamke jina la mtunzi mwanzoni mwa kila shairi, na mwishoni kabisa, jina lake yeye.