Mafundo ya Mshipi: Kutoka Pamba hadi Nailoni

Mshipi, yaani uzi wa kuvulia unaofungwa ndoana na kuzamishwa kwa chubwi la risasi, ulisokotwa kwa pamba kabla ya nailoni kuenea, na kwa kuwa nyuzi za pamba hushikana na huzidi kuwa imara zinapolowa, fundo rahisi lilitosha kuishika ndoana. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, iliibadili kazi hiyo kabisa, kwa sababu uzi wake mmoja usiosokotwa ni laini na huteleza, hata fundo la zamani likafunguka lenyewe samaki anapovuta.

Kwa hiyo ncha ya mshipi wa nailoni hupitishwa katika tundu la ndoana, huzungushwa mara 5 au 6 juu ya mshipi wenyewe, kisha hurudishwa ndani ya kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu. Kabla ya kukazwa, fundo hulowanishwa kwa mate au maji, maana msuguano wa nailoni kavu huzaa joto linalodhoofisha uzi mahali pale pale unapobeba mzigo wote. Hatua hii ndogo ndiyo inayostahili kuangaliwa kuliko nyingine zote. Mshipi wa kisasa uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki huteleza zaidi, hivyo hukunjwa mara mbili kabla ya kupitishwa tunduni. Kwa nguru, ambaye meno yake hukata nailoni kwa urahisi, kipande cha waya huunganishwa kati ya mshipi na ndoana, nacho hakifungwi fundo bali husokotwa, kwa kuwa waya ikikunjwa kwa pembe kali huvunjika.