Fahamu Masharti ya Kufikisha Unga wa Mtama wa Zuzu Katika Soko la Nje

DODOMA

Kata ya Zuzu, iliyopo magharibi mwa Jiji la Dodoma kando ya Reli ya Kati, hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa wastani mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo kwa mahindi katika miaka mingi, lakini mtama na uwele huvumilia, na ndiyo maana nafaka hizo zimekuwa chakula kikuu cha Wagogo kwa vizazi vingi.

Mkulima anayeuza mtama ghafi kwa gunia hupokea bei ya msimu. Mtama huohuo ukisafishwa, ukakobolewa, ukasagwa na kufungashwa vizuri, huweza kuingia katika soko dogo lakini lenye thamani kubwa zaidi: soko la unga usio na gluteni.

Kwa nini unahitajika

Gluteni ni protini inayopatikana katika ngano, shayiri na rai. Takribani mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki, ambao husababisha utumbo mwembamba kudhurika anapokula protini hiyo. Tiba yake ni kuepuka gluteni maisha yote. Mtama na uwele havina gluteni kwa asili. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtama na Uwele, hatua iliyoongeza ufahamu wa walaji kuhusu nafaka hizo.

Hata hivyo, asili ya nafaka pekee haitoshi. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, vilivyorekebishwa mwaka 2008, chakula kinachoitwa kisicho na gluteni hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Mabaki ya ngano katika mashine ya kusaga, au gunia lililowahi kubeba unga wa ngano, yanaweza kuuvusha unga wa mtama kiwango hicho. Kwa kuwa ngano si zao la Zuzu, hatari hiyo haitoki shambani. Inaanzia katika usafirishaji na mashineni. Kikundi kinacholenga soko hili kinahitaji mashine inayosaga mtama peke yake, pamoja na vifungashio vipya.

Sumukuvu hufunga soko

Sharti la pili ni udhibiti wa sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016, sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliwapata wananchi wa mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao walifariki dunia.

Athari za kibiashara zilionekana tarehe 5 Machi, 2021, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, yakiwemo kusajiliwa kwa waingizaji na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hicho ndicho kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nafaka, ukiwemo mtama. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kikali zaidi cha mikrogramu 4.

Udhibiti huanzia shambani. Mkulima anashauriwa kuvuna kwa wakati, kuanika masuke juu ya turubai badala ya udongo, kukausha nafaka hadi unyevu ufikie asilimia 13 au chini ya hapo, kuondoa punje zilizovunjika au kuota ukungu, na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Mafunzo ya hifadhi baada ya mavuno yalikuwa sehemu ya kazi za Mradi wa Kudhibiti Sumukuvu Tanzania (TANIPAC) uliokuwa chini ya Wizara ya Kilimo.

Vibali na huduma

Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo husajili jengo la usindikaji na kutoa alama ya ubora. Wajasiriamali wadogo hutambulishwa huko na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) hutoa cheti cha afya ya mimea pale nchi inayonunua inapokihitaji.

Kwa biashara ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi thamani ya Dola za Marekani 2,000 huweza kupata cheti rahisi cha uasilia mpakani, utaratibu unaokipa kikundi kidogo nafasi ya kuanza na soko la jirani kabla ya kulenga masoko ya mbali.

Wakulima wanashauriwa kuanza kwa afisa ugani wa kata kabla ya msimu wa kupanda, ili uchaguzi wa mbegu nyeupe kama Macia, maandalizi ya maturubai na upimaji wa sampuli vipangwe mapema. Nafaka iliyokwisha kuchafuliwa na sumukuvu haisafishiki kwa kusagwa wala kupikwa.