Kirusi cha nyumbani na ndugu wawili wa Lahore

Najua nimepotea humu wiki tatu nzima. Test zilibana, halafu nikaenda nyumbani kidogo, na huko nikakutana na makubwa.

Kompyuta yetu ya nyumbani ni kongwe, bado ilikuwa na Windows XP. Mdogo wangu alichomeka flashi aliyotoka nayo steshenari, na tangu siku hiyo kila flashi inayoingia, mafolda yake yanageuka shotikati. Nikafuta, zikarudi. Nikazima, nikawasha, zimo! Akaitwa fundi wa mtaani, akatazama dakika tano tu: "Dogo, hapa ni kuformati." Mama akaniangalia. Mle ndani kuna picha za marehemu babu, na hazipo mahali pengine popote.

Sasa mimi mtu wa historia bwana, nikajiuliza: ukaidi huu ulianza lini?

Turudi 1986, Lahore, Pakistan. Ndugu wawili wenye duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kiitwacho Brain, kinachohesabiwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC. Wenyewe wanasema walitaka kulinda programu yao ya mambo ya tiba isinakiliwe bure. Na humo ndani waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Simu zikaanza kuita kutoka nchi za mbali.

Ujanja wa Brain ulikuwa hivi. Kilikaa sehemu ya kwanza kabisa ya flopi, ile inayosomwa kompyuta inapowaka. Kwa hiyo kilikuwa kimeshaamka kabla yako. Ukitaka kuikagua sehemu hiyo, chenyewe kinakuletea nakala ile safi, unaona kila kitu shwari. Dawa? Kuwasha mashine kwa flopi nyingine, safi, iliyozibwa isiandikwe.

Ruka hadi Novemba 2008, ikaja Conficker. Microsoft ilishatoa kiraka Oktoba mwaka huohuo, lakini wengi hawakukiweka. Conficker ilipita kwenye mtandao, ikabahatisha nywila dhaifu, ikapanda na flashi pia. Ikishaingia, inazima masasisho ya Windows na kukufungia tovuti za antivairasi. Yaani mgonjwa anazuiwa njia ya hospitali! Februari 2009 Microsoft ikaahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata walioiandika.

Mwaka 2011 Microsoft ikatoa sasisho la kuzuia XP na Vista zisiendeshe kitu chenyewe flashi inapochomekwa. Ila shotikati haihitaji msaada huo. Wewe mwenyewe unaibonyeza ukidhani ni folda yako.

Mnaona kinachojirudia? Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu flopi hadi flashi, kirusi kaidi hakikushindi kwa nguvu, kinakushinda kwa kuwahi. Ukikisaka kwa kutumia mfumo ambao kimeshauteka, ni sawa na kumwomba mwizi akushikie tochi. Lazima utokee nje.

Basi nikafanya kama watu wa enzi za flopi. Nikaenda kwa rafiki mwenye kompyuta safi, nikatengeneza flashi ya Linux, nikawasha mashine yetu kwa hiyo flashi bila kuigusa Windows. Mafolda yote yalikuwepo, yalikuwa yamefichwa tu! Nikanakili picha peke yake, programu hata moja sikubeba. Halafu nikamwita fundi aformati kwa raha zake. Kumbe alikuwa sahihi, ila alitaka kuanza na hatua ya mwisho. XP hatukuirudisha, masasisho yake ya kawaida yalikoma tangu 2014.

Mama alikaa na zile picha mpaka usiku. Sasa zina nakala mbili, moja ninayo mimi hapa hosteli.

Na nyie mnaonifuata na flashi zenu za desa, safari hii mtanisamehe. Tuonane kesho lekcha.